Pima Nafasi Kwanza, Kimo Baadaye: Kushusha Corolla ya Zamani Bila Kuharibu Mbele

Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana. Mafundi wenzangu, asanteni kwa kuacha kazi gerejini na kuja kunisikiliza. Najua kuna magari yanawasubiri, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie kushusha magari ya zamani, yaani kulifanya gari likae karibu zaidi na barabara kuliko lilivyotoka kiwandani. Magari ya zamani ni mengi na kila moja lina mambo yake, kwa hiyo nabaki na Corolla: KE70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, pamoja na ndugu yake AE86 ya 1983 hadi 1987. Hizi bado zipo, vipuri vyake bado vinapatikana, na vijana wanazipenda. Mimi nazipenda pia. Gari jepesi, gia za mkono, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na ukifungua boneti unaona mpaka chini. Likishushwa vizuri linapendeza na linashika barabara. Likishushwa vibaya linakuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani, hata kama kwa macho linavutia. Na mengi ninayoyaona yameshushwa vibaya.

Neno langu leo ni moja, mengine yote yanalifuata hilo. Tumezoea kuanza na kimo. Mwenye gari anakuja, anaweka vidole viwili kati ya tairi na bodi, anasema, "Fundi, nataka pabaki hapa." Fundi anachukua grainda. Mimi nasema kimo kiwe cha mwisho kuamuliwa. Kwanza jiulize gurudumu linahitaji kupanda kiasi gani kwenye barabara zetu. Ukishajua, chagua springi. Springi na nafasi uliyo nayo vitakwambia kimo. Kisha ndipo urekebishe pembe za amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, na za tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu unapokata usukani, zilingane na kimo hicho. Ukigeuza mpangilio huo, utalipa kwa tairi, kwa boljointi, kile kiungo cha ncha ya nje ya amu, na siku ya mvua utalipa kwa jambo kubwa zaidi.

Tuanze na nafasi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Chukueni mfano rahisi. Kona moja ya mbele ya gari la namna hii tuseme inabeba kilo 220 juu ya springi. Springi yake tuseme ni laini, kila kilo 2 zinaikandamiza milimita 1. Gari likiwa limesimama tu, springi tayari imekaa milimita 110. Sasa unafika kwenye tuta, uko kasi kidogo, na kwa nukta moja mzigo wa kona ile unakuwa maradufu. Kilo 220 nyingine zimeingia. Springi inahitaji milimita 110 nyingine kuzimeza. Una milimita 110 za kupanda? Kama unazo, gari litazama na kurudi. Kama umekata springi na zimebaki milimita 30, gurudumu litapanda hizo 30, halafu litagota.

Kugota ni nini? Ni shokapu kufika mwisho na ile raba ya juu kukandamizwa mpaka inakuwa ngumu kama chuma. Hapo huna springi tena. Gari zima linabebwa na raba ile, na kishindo kinakwenda kwenye mauntingi ya juu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi, kwenye bodi yenyewe, kwenye kiuno cha dereva. Ikitokea ukiwa umenyooka, unasikia mlio tu. Ikitokea katikati ya kona, tairi la nje la mbele linapata uzito mwingi kwa ghafla, linaacha kushika, na gari linaendelea kwenda mbele wakati wewe umekata usukani. Vijana wengi wananiambia, "Fundi, gari langu linasukuma mbele kwenye kona, nibadilishe tairi?" Nawaambia wavue kile kifuniko cha vumbi cha shokapu tuangalie raba kwanza.

Juzijuzi ililetwa KE70 moja yenye malalamiko hayohayo. Tulipovua kifuniko, raba ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki ungaunga mweusi umeganda kwa grisi. Fimbo ya shokapu ilikuwa na alama: sehemu ndogo iliyong'aa, urefu wa kidole gumba, na kwingine kote vumbi lililokauka. Maana yake gurudumu lilikuwa linatembea urefu wa kidole gumba tu, na kila tuta lilikuwa ni kugota. Shokapu yenyewe ilikuwa mpya. Mwenye gari alikuwa amenunua jozi ya pili ndani ya muda mfupi, akidhani ananunua feki.

Kabla ya kukata chochote, fanyeni jambo hili dogo. Fungeni ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye fimbo ya shokapu, iwe imebana kidogo. Isukumeni chini mpaka iguse mdomo wa shokapu gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Endesheni njia ile mnayopita kila siku, na matuta yake na mashimo yake. Mkirudi, kamba itakuwa imesukumwa juu na kubaki pale gurudumu lilipofikia juu kabisa. Pimeni kwa rula. Namba hiyo ndiyo barabara yenu. Hakuna kitabu cha Japani kitakachokupa namba ya mtaa wako.

Sasa rudini kwenye hesabu. Ukitaka ubaki na milimita 30 tu za kupanda na bado umeze kilo 220 za ziada, springi inatakiwa iwe ya zaidi ya kilo 7 kwa milimita. Kwa uzito ule, kona ya mbele itacheza karibu mara 3 kwa sekunde. Ile springi laini ya kilo 2 inacheza mara moja na nusu. Mara 3 kwa sekunde ni gari la mashindano kwenye lami iliyonyooka kama meza. Kwenye barabara ya changarawe tairi litakuwa linarukaruka, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Ukitaka springi ya kati, tuseme kilo 4, unahitaji milimita 55. Hiyo ni namba ya kiungwana kwa gari la mtaani, na mimi ningeanzia hapo: nipate wapi milimita 55 hadi 60 za kupanda, na kimo kitakuwa kipi?

Kukata springi nakuelewa, ni rahisi. Na kweli springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi: yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja na nusu, ugumu unaongezeka kwa theluthi moja. Lakini tazama, umeondoa nafasi nyingi na kuongeza ugumu kidogo. Hesabu haikubali. Tena ukipandisha gari kwa jeki, springi fupi inalegea na kutoka kwenye kikombe chake. Ukiruka tuta inaweza kukaa upande. Na wale wanaoichoma kwa moto wa gesi mpaka iwe nyekundu ili ilale, naomba kwa heshima zote waache leo. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani. Ukikichoma kwa macho, unaua ugumu ule sehemu moja, na pale ndipo patakapovunjika au kuendelea kulala kila wiki.

Nafasi inapatikana wapi basi? Kwenye Corolla hizi mguu wa mbele ni mrija wa chuma wenye shokapu ndani yake kama kartriji, inayofungwa kwa nati kubwa juu. Mrija ule unaweza kukatwa, tuseme milimita 40 au 50, na kuwekewa kartriji fupi kwa kiasi hichohicho. Hapo gari linashuka lakini fimbo ya shokapu inabaki na nafasi yake ya kupanda kama mwanzo. Ni kazi ya mtu anayejua kuchomelea. Wekeni pete ya chuma ndani ya maungio kabla ya kuchomelea, kata iwe imenyooka, na mrija usipinde hata kidogo, kwa sababu kartriji ikibanwa upande haitadumu. Ukienda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, utampata mkerezaji wa kukuchongea pete ile na kukunyooshea midomo ya mrija kwenye mashine. Usimwachie mtu wa geti na madirisha.

Njia nyingine, na kwangu ndiyo bora kuliko zote kama una uwezo, ni kupandisha ile ekseli fupi inayobeba habu, pale gurudumu linapofungwa, iwe juu zaidi kwenye mguu. Gari linashuka, lakini amu, tairodi, springi na shokapu vyote vinabaki pale kiwanda kilipoviweka. Wenye Volkswagen Kobe wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi, kwao vipuri hivyo vinauzwa vimekwisha kutengenezwa. Kwa Corolla ni kazi ya kuchonga, na ikikosewa gurudumu linaondoka, kwa hiyo sitamwambia mtu aifanye uani.

Na msisahau chini. Ukiwa na milimita 60 za kupanda, krosimemba, ile boriti ya chuma inayopita chini ya injini, nayo itashuka hizohizo 60. Kama chini yake imebaki milimita 90, kwenye tuta zitabaki 30. Sampo ya mafuta iko jirani pale. Pimeni.

Nafasi tumeimaliza. Sasa pembe, na hapa nawaomba subira kwa sababu ni lazima tuchore.

Mguu huu wa mbele tunauita kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani. Aliubuni akiwa General Motors kwa ajili ya gari dogo ambalo halikuingia sokoni, akahamia Ford, na mwaka 1950 Ford ya Uingereza ikautoa kwenye Consul na Zephyr. Ni kazi ya akili sana. Chini kuna amu moja, juu kuna mauntingi moja, katikati mguu unaoteleza. Vipuri vichache, nafasi kubwa ya injini. Ila unategemea sana pembe ya ile amu ya chini. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani, amu inainama kuelekea nje: upande wa gurudumu uko chini kidogo kuliko upande wa bodi. Mwinamo ule mdogo ndio unaobeba siri yote.

Chukueni kadibodi na rula, mchore mara 10 ndogo. Vipimo hivi ni vya mfano, kila mtu apime gari lake. Kutoka katikati ya gari: tairi linagusa ardhi milimita 680, boljointi iko 600, kimo 180, bushi ya ndani ya amu iko 280, kimo 210, mauntingi ya juu iko 500, kimo 780. Choreni mstari kupitia amu, uendelezeni kwa ndani mbali sana. Choreni mstari mwingine kuanzia mauntingi ya juu, uliokata mguu wa shokapu kwa pembe ya mraba, nao uende ndani. Inapokutana mistari hiyo, rudini kwa mstari wa tatu mpaka pale tairi linapogusa ardhi. Mstari wa tatu unapokata katikati ya gari, hapo ndipo mbele ya gari inapoinamia kwenye kona. Kwenye mchoro huu ni karibu milimita 110 juu ya ardhi.

Sasa shusheni bodi milimita 50. Boljointi haishuki, kwa sababu imeshikwa na gurudumu. Bushi ya ndani inakuwa 160 na mauntingi ya juu 730. Choreni tena. Amu sasa imegeuka, upande wa nje uko juu. Kitovu kile cha kuinamia kimezama chini ya ardhi, kama milimita 15. Tumeshusha gari 50, kitovu kimeshuka zaidi ya 120!

Kwa nini inatuhusu? Kwa sababu kinachoinamisha gari ni uzito wake uliokaa juu ya kitovu hicho. Kama kitovu cha uzito kilikuwa milimita 500 kutoka ardhini, umbali kati ya viwili hivyo ulikuwa 390. Baada ya kushusha, uzito uko 450, lakini kitovu cha kuinamia kiko chini ya ardhi, umbali umekuwa 465. Mkono wa kuinamisha umerefuka kwa karibu moja ya tano. Gari limekaa chini zaidi na bado linataka kuinama zaidi. Mtu akiniambia gari likishushwa lazima litulie kwenye kona, namwonyesha mchoro huu.

Kuna na jambo la kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje kwa juu. Kwenye kimo cha kiwandani, gurudumu likipanda milimita 25 juu ya mchoro wetu, tairi linajilaza ndani kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, na hiyo inasaidia kufidia bodi inapoinama. Baada ya kushusha 50, milimita hizohizo 25 zinatoa nusu tu ya ile faida. Ukiendelea kupanda unafika mahali amu na mguu vinakuwa pembe ya mraba, na kupita hapo tairi linaanza kusimama kwa upande mbaya. Ndiyo maana watu wanaweka kemba nyingi ya kudumu, halafu tairi zinaliwa kwa ndani mpaka waya zinaonekana huku kwa nje bado ni mpya.

Dawa ya hayo kwenye Corolla hizi ni nzuri na nafuu. Chini ya mguu wa shokapu kuna mkono wa usukani, umefungwa kwa boliti, na boljointi imekaa kwenye mkono huohuo. Kwa hiyo ukiweka speisa ya chuma kati ya mguu na mkono ule, unashusha boljointi na tairodi kwa pamoja. Kwenye mchoro wekeni speisa ya milimita 30: boljointi inakuwa 150, amu inainama tena kuelekea nje, na kitovu kinapanda kuwa kama 55 juu ya ardhi. Umbali mpaka kwenye uzito unarudi kuwa 395. Karibu sawa na kiwandani, ingawa gari liko chini milimita 50. Kipande kimoja cha chuma kila upande.

Lakini kipande hicho kinabeba maisha ya watu. Kichongwe kwa chuma imara na kikae bila mwanya. Boliti ziwe ndefu zaidi na za daraja la 10.9, si boliti za kuokota kwenye ndoo. Kabla ya kuagiza unene, pimeni ndani ya rimu: boljointi ikishuka inakaribia rimu, na kwa rimu za inchi 13 nafasi inakwisha mapema. Zungusheni gurudumu kwa mkono, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho pande zote. Mkisikia linagusa hata kidogo, speisa ni nene mno.

Kushusha boljointi na tairodi pamoja kuna maana kubwa. Amu na tairodi zinatakiwa zichore duara zinazofuatana gurudumu linapopanda. Mkishusha moja peke yake, kila tuta litageuza tairi kidogo bila wewe kugusa usukani. Dereva anaona gari linatangatanga, linatafuta njia lenyewe, na fundi wa alaimenti, yule wa kunyoosha tairi, anapima, anakuta namba ziko sawa. Ziko sawa kwa sababu amepima gari limesimama!

Hilo mnaweza kulipima wenyewe. Toeni springi kwenye mguu, rudisheni shokapu tupu. Wekeni bodi kwenye stendi kwa kimo kilekile gari litakachokaa. Fungeni usukani usizunguke. Fungeni ubao ulionyooka kwenye habu, na kando yake nyosheni uzi uliokazwa mbele na nyuma. Inueni gurudumu kwa jeki milimita 10, pimeni umbali wa ubao na uzi mbele na nyuma, andikeni. Inueni tena 10. Mkimaliza kupanda, fanyeni na kushuka. Tofauti ya vipimo viwili ikibaki ileile njia nzima, mmefaulu. Ikibadilika kwa kwenda upande mmoja mfululizo, kimo cha tairodi hakijakaa sawa, na speisa nyembamba kwenye ncha yake, au kwenye raki ya usukani kama gari lenu linayo, itarekebisha. Kazi hii inachukua asubuhi nzima na inachosha. Nawasihi msiiruke, kwa sababu hakuna mashine mjini itakayowafanyia.

Kasta, yaani mguu kulalia nyuma kwa juu, kwa haraka: ikiwa mna fimbo za mbele zinazorekebishika, ongezeni kasta kabla ya kuongeza kemba. Kasta inalaza tairi pale tu unapokata kona, ukinyooka haili tairi.

Mwisho, mpangilio wa kukaza. Bushi za raba za amu zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Lishusheni, litikiseni mara kadhaa, kazeni likiwa limekaa kwa uzito wake, la sivyo raba inabaki imejipinda na itachanika upesi. Alaimenti ifanyike na mtu mwenye uzito wa dereva akiwa kitini. Boliti za speisa zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, zipigwe alama ya rangi, na baada ya siku chache za kuendesha zikaguliwe tena. Na ile kamba ya plastiki iachwe palepale kwenye fimbo ya shokapu, tusome namba mpya.

Nitapokea maswali sasa, wenye magari mtangulie. Tukimaliza, kuna KE70 nyeupe kwenye stendi upande wa pili wa banda, springi ya kushoto imeshatolewa na ubao umefungwa. Nahitaji watu wawili wa kusoma rula na mmoja wa kuandika.